Sahihi za Ijumaa

Khisa alifika Kibomet Alhamisi saa kumi jioni, viatu vimejaa tope jekundu na mkononi kilo mbili za nyama iliyofungwa kwa gazeti. Mtu aliyemwona akifungua lango angesema huyu ni bwana harusi anayekuja kumtembelea mpenzi wake. Nabwile alimtazama kupitia dirishani, na moyo wake ukafanya vile ulivyozoea kufanya kwa miaka minne kila alipouona ule mwendo wa mabega mapana yaliyoinama kidogo, kama ya mtu anayepita mlango mfupi. Uliruka. Kisha ukakumbuka, ukarudi mahali pake na kutulia kama jiwe.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mkwe wetu!" alijibu Senge Agneta kabla Nabwile hajafungua kinywa.

Senge alikuwa dada ya babake Nabwile, mama wa miaka sitini na mitano, aliyetoka Ndalu Jumanne kuja kununua vitu vya Jumamosi. Siku hiyo ya Jumamosi wazee wa Khisa wangefika Ndalu kuketi na wazee wa Nabwile, wale chakula, waseme kilichowaleta. Kuanzia hapo wawili hao wangejulikana mbele ya watu kuwa ni wachumba.

"Ati nyama? Umejua nimechoka na sukuma wiki ya mtoto huyu," Senge alisema akiipokea. "Utakuwa mume mzuri wewe, hata kama umekaa shule mpaka mvi ikakukuta huko."

"Senge, mimi ni daktari bana. Ni vile tu naongeza masomo."

"Hata ndugu yangu Wanyonyi ndivyo alivyoniambia. 'Agneta, kijana wa miaka thelathini na nne bado anabeba daftari!' Nikamwambia wacha abebe daftari. Wenzake wanabeba chupa."

Alicheka peke yake, akaingia jikoni na nyama yake.

Nabwile hakucheka. Mezani mbele yake palikuwa na mafungu mawili ya karatasi, na hayo mafungu mawili ndiyo yaliyokuwa yamemnyima usingizi tangu Jumatatu. Aliyesoma huumizwa na karatasi kama mkulima anavyoumizwa na mvua ya mawe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baraza linalosimamia mafunzo ya madaktari bingwa lilikuwa limetuma wakaguzi watatu kuzilinganisha hospitali mbili zinazofundisha upasuaji. Moja ilikuwa Siloamu, hospitali ya misheni upande wa Bungoma. Ya pili ilikuwa Mtakatifu Klara, hapo hapo Kitale. Moja ingepewa wanafunzi wapya na nyingine ingefungiwa mafunzo. Nabwile, ambaye alikuwa amemaliza ubingwa wake wa magonjwa ya wanawake na kufanya kazi katika kliniki moja mjini, alikuwa mkaguzi mdogo kuliko wote. Akapewa kazi ya mdogo: kusoma madaftari. Ripoti ilitakiwa kesho, Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Na Khisa alikuwa registra mkuu wa Siloamu. Registra ndilo jina la daktari anayesomea ubingwa. Alibakisha miezi sita amalize.

"Umeshaandika?" Khisa aliuliza akiwa bado amesimama.

"Keti kwanza."

"Nimeketi njia yote kutoka Bungoma. Nabwile, umeshaandika?"

"Nimeandika nusu."

"Nusu gani?"

Alimwonyesha kiti kwa macho. Khisa aliketi ukingoni, mikono katikati ya magoti. Nabwile aliitazama ile mikono. Vidole virefu, kucha zimekatwa hadi nyamani, ngozi imepauka kwa kuoshwa mno. Mara ngapi alikuwa ameilaza ile mikono shavuni mwake na kujiambia kwamba hii itamzika yeye, au yeye ataizika?

"Nusu nzuri," alisema. "Registra wa Siloamu anamaliza miaka minne akiwa amepasua watu elfu moja na mia mbili. Wa Klara hafikishi mia tano. Wakaguzi wenzangu, Dokta Chepkosgei na yule mwingine, wameona hiyo hesabu, wamesema hakuna mjadala, Siloamu iko juu."

"Si basi? Andika hivyo."

"Tarehe kumi na nne Machi."

Khisa hakuuliza tarehe hiyo ilikuwa na nini. Hilo ndilo lililomuuma Nabwile. Alitamani sana aulize.

"Kuna upasuaji saba siku hiyo," akaendelea. "Mara zote saba Daktari Hiram, mwalimu wenu mkuu, amesaini kwamba alisimama kando ya registra tangu kisu cha kwanza mpaka uzi wa mwisho."

"Hizo ni sahihi za Ijumaa."

"Nieleze."

"Unajua, Nabwile. Usinifanye mtoto."

"Nieleze kama mkaguzi."

Khisa alishusha pumzi. "Wiki nzima tunapasua. Ijumaa mimi nakusanya daftari za registra wote, nampelekea Daktari Hiram ofisini. Anakunywa chai, anasaini. Akimaliza chai amemaliza wiki. Kila mahali wanafanya hivyo."

"Klara hawafanyi."

"Ati?"

"Nilikaa thieta yao siku mbili. Pale sista hamwingizi mgonjwa mpaka aone mwalimu amevaa glavu. Mwalimu asipokuja, kisu hakitoki kwa sinia. Ndio maana hesabu yao ni ndogo, Khisa. Ni ndogo kwa sababu ni ya kweli."

"Na wagonjwa wanangoja miezi mitatu!" Khisa alisimama. "Wanalala kwa koridoni na hernia kubwa kama maboga! Wako wanaokufa wakingoja huyo mwalimu avae glavu. Hao umewahesabu? Wameandikwa kwa daftari gani hao?"

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Aliiona ile koridoni kwa macho yake.

"Hao pia nimewaandika," alisema polepole. "Klara haitatoka na sifa mikononi mwangu. Lakini tarehe kumi na nne Machi Daktari Hiram hakuwa Siloamu."

"Nani amekuambia?"

"Alikuwa Kitale. Baraza lilikuwa na semina ya mafunzo, alikaa meza yangu, karibu kama ulivyo wewe sasa. Ndiye aliyesimama kutuonyesha ukutani vile Siloamu inashinda wengine. Mimi nilipiga makofi, Khisa. Nilipiga makofi kwa sababu yako."

Jikoni kisu cha Senge kilikuwa kikigonga ubao, kikaacha.

"Nilimpigia simu," Khisa alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mara sita."

"Saa ngapi?"

"Kuanzia saa tano hivi."

Nabwile alifumba macho. Aliiona simu ile, nyeusi, kando ya sahani ya biskuti, ikitetemeka na kusogea yenyewe mezani kama mdudu aliyepinduliwa. Alimwona Daktari Hiram akiitazama, akiilaza kifudifudi, akirudi kwenye maneno yake bila kukosa hata neno moja.

"Niliiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Simu yako. Niliiona ikilia. Aliifunika."

Khisa alirudi kitini. Walitazamana. Kwa muda ule mfupi hawakuwa mkaguzi na mkaguliwa. Walikuwa watu wawili waliowahi kujikinga mvua pamoja chini ya kibanda cha Webuye wakagawana andazi moja, na kila mmoja aliona machoni mwa mwenzake kitu kilichokuwa kikizama.

"Jioni ile ulinipigia," Nabwile alinong'ona. "Ulinyamaza kwa simu dakika kumi. Nilifikiri umenikumbuka."

"Nilikuwa nimekukumbuka."

"Kwa kitabu cha thieta imeandikwa 'amefariki mezani'. Ni nani?"

"Usiulize jina."

"Naliuliza."

"Mama kijana. Miaka ishirini na tisa." Alikuwa akiongea na magoti yake. "Utumbo ulikuwa umejisokota. Nimefanya hizo nyingi, Nabwile, hata nikiwa nimefumba macho. Lakini hii ilikuwa imeshikana, nikavuta mahali hapakufaa kuvutwa. Damu ikaja. Hiyo damu haikuwa ya kuzuia kwa mikono miwili, ilitaka mtu mwingine mwenye anajua. Nilisimama hapo, sista akishika simu kwa sikio langu, ikilia, ikilia. Anaitwa Rahab. Rahab Nasimiyu, wa Ndalu."

Kitu kilianguka jikoni. Senge Agneta alitokea mlangoni, mikono imelowa damu ya nyama hadi viwiko.

"Rahab yupi?"

Khisa aliitazama mikono ile, kisha akaitazama yake.

"Mimi nauliza. Rahab bibi ya Walubengo? Wa pale kwa poshomili?"

"Senge, rudi jikoni tafadhali," Nabwile alisema.

"Nimekaa jikoni vya kutosha. Nilipika hiyo matanga siku nne mimi. Niliosha yule mtoto wake wa mwisho kwa karai hii mikono yangu. Mtu akasimama kaburini akatuambia ni mapenzi ya Mungu, tukasema amina!" Akamgeukia Khisa. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Senge."

Senge aliifuta mikono kwenye leso, kila kidole peke yake. Alipoongea tena alikuwa amepunguza sauti, na upole ule ulitisha kuliko kelele.

"Walubengo ni mtoto wa ukoo wetu. Babu yake na babu ya huyu Nabwile walinyonya ziwa moja. Unajua vile iko kwetu, na kwenu ni hivyo hivyo. Damu ya nyumba ikiwa kwa mkono wa mtu, wazee wake hawawezi kuja kukaa kwa kiti cha nyumba hiyo waombe msichana. Hata miaka ipite." Akamtazama Nabwile, msichana wa miaka thelathini na tatu, mtoto wa pekee wa kaka yake aliyesoma hadi mwisho, na uso wake ukakunjamana. "Lakini mimi ni mzee. Masikio yangu ni mabovu. Nyama ilikuwa inachemka, sijasikia mtu akitaja mtu. Mkinyamaza, nimenyamaza."

"Senge!"

"Nimesema. Rahab hatarudi. Na wewe ukikosa huyu, utaletewa nani? Mgane wa huko Naitiri mwenye watoto saba?"

Alirudi jikoni, lakini hakushika kisu tena. Walimsikia akivuta kiti na kuketi.

Khisa aliinua kichwa. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

"Niko na miezi sita tu, Nabwi. Hiyo programu ikifungwa, miaka yangu minne ni hewa. Baba yako amenikubali kwa neno moja, kwamba namaliza. Wacha hiyo tarehe. Chukua siku zingine, ziko mingi nzuri."

"Na mwaka ujao registra mwingine asimame peke yake hapo?"

"Usiniongelee kama kwamba wewe uko juu ya mti!" Uchungu ulimpanda. "Fomu yako ililetwa Siloamu, iko kwa faili. Mliulizwa kama mko na ndugu ama mchumba katika hospitali mnayokagua. Uliandika nini?"

Nabwile alianza kulinganisha kingo za karatasi mezani.

"Uliandika hapana. Miaka minne, na ukaandika hapana. Halafu Jumatatu ukanipa mkono mbele ya watu, ati 'nimefurahi kukufahamu, Daktari.' Nilicheka siku hiyo. Usiku sikucheka."

"Wazee wako walikuwa hawajakuja," Nabwile alisema, na mwenyewe aliisikia sauti yake ikiwa nyembamba. "Baba alisema mtu ambaye wazee wake hawajaketi kwake hana jina katika nyumba yetu. Ningeandika nini? Kwetu huna mchumba mpaka..."

"Kwa hiyo ulisaini kitu ambacho si kweli, lakini kimefuata utaratibu. Sasa Daktari Hiram na wewe mnatofautiana wapi?"

Neno lile lilimpiga Nabwile mahali ambapo hakuwa na ngao. Alikuwa amejivunia maisha yake yote kwamba ni mtu wa haki. Siku ile ya fomu kalamu yake ilisita, anakumbuka, ilisita kama punda mbele ya daraja. Akaipiga mjeledi wa desturi, ikavuka.

"Hamna tofauti," alisema. "Umesema kweli."

Alichukua simu yake, akaiweka mezani ikiwa imefunguliwa sauti, akampigia Dokta Chepkosgei, mwenyekiti wa wakaguzi.

"Nabwile! Ripoti iko tayari?"

"Daktari, kuna kitu niliandika vibaya kwa fomu yangu. Niko na mchumba Siloamu. Ni registra mkuu, Khisa."

Sauti ya upande wa pili ikawa baridi. "Fomu inasema huna."

"Wazee walikuwa hawajakutana. Nilijidanganya kwa hiyo."

"Na umegundua nini huko, hata unanipigia leo?"

Nabwile alimweleza kuhusu sahihi, siku ile na simu. Hakutaja jina la marehemu.

"Sikiliza, mama," Dokta Chepkosgei alisema alipomaliza. "Ondoa mkono wako kwa hiyo ripoti. Nikipeleka hayo maneno yako, Hiram atasema ni ugomvi wa wapenzi, na baraza litamwamini. Semina anaweza kusema alitoka mapema, nani atakumbuka? Tutabaki wawili, na sisi tumeona hesabu tu. Hesabu inasema Siloamu. Isipokuwa mtu wa ndani, mwenye alikuwa na kisu, aandike kwa mkono wake na aweke jina. Kesho kabla ya saa sita. Pole sana."

Simu ilikatika.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka, na wote wawili walilijua hilo. Khisa hakuhitaji tena kumwomba mtu. Hakuhitaji kusema uongo wala kutisha. Alihitaji tu kuamka, kuaga, kushika njia ya Bungoma. Kesho Siloamu ingeshinda. Jumamosi wazee wangekula Ndalu. Baada ya miezi sita angeitwa bingwa, na usiku Nabwile angelala upande wake wa kushoto.

Aliamka kweli. Alienda hadi mlangoni, akashika komeo. Nabwile hakumwita. Alitaka kumwita kwa kila mfupa wake, lakini hakujua angemwita arudi kufanya nini.

Khisa alibaki ameshika komeo, mgongo kwa Nabwile.

"Nikilala kando yako," alisema bila kugeuka, "na simu ilie, utaangalia simu ama utaniangalia mimi?"

"Sijui, Khisa."

"Mimi najua."

Alirudi mezani. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kijitabu kidogo cha jalada jeusi kilichofungwa kwa mpira. "Registra wa Siloamu ako na daftari mbili. Ile ya kusainiwa, na hii. Hii ndiyo tunajifunzia, huwezi kujifunza kwa uongo. Kila nilichofanya peke yangu kiko hapa, na kilichotokea. Mia nane na kitu. Wengi walipona, Nabwile, waambie hilo pia." Akavuta karatasi. "Nipatie kalamu."

"Unajua maana yake."

"Nipatie kalamu kabla sijawa na akili."

Aliandika kwa karibu saa nzima. Nabwile aliketi mkabala naye bila kumgusa, akikisoma kile kipaji cha uso kama mtu anayesoma barua atakayonyang'anywa. Aliliona kovu dogo la nyusi, masikio makubwa aliyokuwa akiyatania. Alipofika mahali pa jina la marehemu, Khisa alilikamilisha lote, na jina la mumewe, na kijiji. Kisha akaandika lake.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Nabwile alimsindikiza hadi langoni. Majirani wa Kibomet walikuwa wakianua nguo kwenye kamba, mmoja akawapungia mkono na kuwatakia Jumamosi njema, maana habari za posa hazifichiki.

"Nitakungoja," Nabwile alisema.

"Usiningoje. Watakuuliza unamngoja nani, na utalazimika kusema."

"Nitasema."

"Kwa Walubengo? Kwa yule mtoto?" Aliinua mkono wake kana kwamba atamgusa shavu, akautazama ule mkono, akaurudisha mfukoni. "Ungeniuliza Machi, jioni ile kwa simu, nafikiri ningekuambia."

"Ungeniambia kweli?"

Alifikiri. Hata wakati ule hakutaka kumwongopea. "Sijui," alisema, akaondoka kwa mwendo wake ule wa kuinama, na mvua ikamfunika kabla hajafika barabara ya lami.

Nabwile aliporudi ndani, nywele zikidondosha maji, alimkuta Senge Agneta amesimama kando ya meza. Ile karatasi ilikuwa imefunuliwa mbele yake. Senge alisoma polepole, kwa kidole, kama alivyosoma Biblia, na machozi yalikuwa yamemfika kidevuni bila yeye kuyafuta.

"Ipeleke kesho," alisema. "Usiikunje hapa katikati, itachanika."

Kisha akaichukua simu yake ndogo, akabonyeza, akaishika mbali kidogo na sikio kama watu wa rika lake wanavyofanya. Sauti ya Mzee Wanyonyi, babake Nabwile, ilijaa chumbani, ya furaha, ikiuliza kama wamepata mchele ule mzuri, na kama ng'ombe achinjwe Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri.

"Wanyonyi, usichinje. Wageni hawaji." Alimtazama Nabwile, akamvuta akamketisha karibu naye, akamshika mkono. "Hapana, hakuna aliyemkataa mwenzake. Wacha kupiga kelele. Walubengo ako karibu hapo? Mwite. Kaeni chini wote wawili, niwaambie vile Rahab alikufa."